Saksafoni ya mpwa wangu iliharibika mara tatu: tulichonunua na tulichoacha

Wacha niandike hiki kisa chote kutoka mwanzo, juu naona watu wengi wenye watoto wanaopiga saksafoni ama klarineti wananiuliza wanunue nini cha kulinda chombo, na kila mara najikuta nikirudia hii hadithi ya mpwa wangu.

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, anapiga alto saksafoni kanisani huko Kayole, Nairobi. Hiyo saksafoni dada yangu aliinunua mwezi wa kumi na mbili kwa pesa ya chama, ni ya mitumba, Yamaha ya zamani, rangi imetoka pale vidole hukaa lakini padi zake, vile vifuniko laini vya kuziba matundu, bado nzuri. Niliipiga mwenyewe siku ya kununua, nikashuka hadi noti ya chini kabisa nikapanda hadi ya juu, ikaimba vizuri, nikamwambia dada lipa.

Kufika mwezi wa sita ilikuwa imeenda kwa fundi mara tatu. Mara ya kwanza mwezi wa pili, noti za chini zilikuwa zinaruka juu okteva nzima, unapuliza D ya chini inatoka D ya juu. Fundi akairekebisha dakika kumi, akalipwa. Mwezi wa nne ugonjwa ni ule ule. Mwezi wa sita ukarudi na mwingine, sasa hata zile noti mbili za mwisho kabisa, B na B bemoli, hazitoki mpaka ukaze mapafu kama unapuliza jiko la makaa. Na ridi, vile vijipande vyembamba vya mwanzi vinavyotetemeka ukipuliza, zilikuwa zimeanza kufanya madoa meusi.

Jumamosi moja wakaja kwangu na dada, kijana amebeba karatasi. "Anko, nimeandika vitu zenye tunahitaji kununua ndio isiharibike tena." Ilikuwa orodha ya vitu saba alivyoona kwa vidio: mkanda wa ngozi, boksi la ridi lenye paketi ya unyevu, ile brashi ndefu ya manyoya ya kukaa ndani ya saksafoni, ligecha (kibano cha kushika ridi) ya rangi ya dhahabu, vibandiko vya mauthipisi (kile kipande cha kuweka mdomoni), stendi, na kasha jipya. Dada alikuwa na elfu sita. Akaniuliza, "Sasa kaka, hapa tuanze na gani?"

Nikawaambia hatununui kitu leo. Nataka kwanza nione hiyo saksafoni inaishi aje, yaani inatolewa aje, inapigwa aje, inarudishwa aje, inasafiri na nini. Juu vitu vya kulinda ni kama dawa, huwezi kuenda duka la dawa ukachukua ile yenye pakiti imeng'aa kabla ujue unaumwa wapi. Hizo noti kuruka okteva mara tatu tangu mwezi wa pili si bahati mbaya, kuna kitu kinaigonga mahali pamoja kila wiki na fundi anatibu dalili tu.

Jumapili nikaenda kanisani kwao. Ibada ikaisha, nikakaa nyuma nikamwangalia akipaki bila kumwambia kitu.

Alitoa shingo ya saksafoni, lile bomba fupi lililopinda la juu, ikiwa bado na mauthipisi, na mauthipisi ikiwa bado na ridi, yote moja, akaitumbukiza ndani ya ule mdomo mpana wa chini, tunauita beli. Bila kitambaa, bila mfuko. Akalaza saksafoni kwa kasha, akaweka kitabu cha nyimbo na daftari ya kodi za muziki juu ya vitufe, akabonyeza kifuniko na goti ndio kifunge. Kwa kale kachumba kadogo ka pembeni, kenye kalitengenezwa kubeba shingo, kulikuwa na chaja ya simu na peni tatu. Alafu hao tukaenda stegi, makanga akachukua kasha akalirusha kwa buti chini ya gunia la mtu, na tukapiga matuta yote hadi nyumbani nikisikia kila tuta kitu kinagonga ndani, ko, ko, ko.

Hapo nilikuwa nimeshajua nusu ya jibu. Tulipofika nikafungua kasha mezani nikamuuliza kizibo kiko wapi.

"Kizibo gani, Anko?"

Sasa hapa nataka nikae kidogo juu hii ndio sehemu watu wengi hawaijui. Ukitoa shingo ya saksafoni, pale juu ya mwili kuna tundu la duara, na kando yake kuna kichuma chembamba kama kijiti cha kiberiti kimesimama peke yake. Hicho kichuma ndicho kinasukuma ile pete ya chuma inayozunguka shingo ili ile padi ndogo ya juu ya shingo ifunguke ukifika A ya okteva ya pili. Kazi yake ni ya milimita. Kikipinda nje kidogo tu kinaisukuma pete muda wote, padi ya shingo inabaki imeinuka unywele mmoja, hewa inatoroka, na noti za chini zinaruka juu. Kikipinda ndani, noti za juu ndio zinakataa. Ndio maana saksafoni nyingi zinakuja na kizibo cheusi cha plastiki, kinaingia kwa hilo tundu kabla ya kulaza chombo kwa kasha, na kwa sababu kina ukingo mpana kinakinga hicho kichuma kisiguswe na ukuta wa kasha. Watu wanakiona wanadhani ni kitu cha kufungia mzigo wakati wa kusafirisha, wanatupa. Dada akakumbuka, kulikuwa na kitu hivyo siku ya kwanza, kitinda mimba akakigeuza gurudumu la gari lake la waya.

Nikamwonyesha kijana namna ya kupima mwenyewe. Shika G ya okteva ya pili, kidole gumba kwa kitufe cha okteva, angalia ile padi ya shingo: haifai kusonga. Achilia gumba, bonyeza, achilia, bonyeza, bado isisonge. Sasa panda A, hapo ndipo inafunguka. Yake ilikuwa inatetemeka kwa G kila akibonyeza gumba. Akaangalia mara tatu bila kusema kitu, alafu akasema, "Kumbe ndio hii." Hiyo pima haihitaji fundi wala pesa, na sasa anaifanya kila akiunganisha shingo.

Na kuunganisha nako kulikuwa na shida. Alikuwa anaishika shingo juu kabisa, kiganja kinakandamiza ile pete, anazungusha kwa nguvu. Hivyo hata ukiwa na kizibo utapinda pete. Shika pale inapokunja, pete iwe huru, zungusha polepole.

Kuhusu kasha: kijana alitaka jipya, na ningekuwa na pesa ningemnunulia. Lakini kasha lake ni gumu, bawaba zinafanya kazi, kufuli zinashika. Shida ni kwamba halikutengenezwa kwa saksafoni hiyo, kwa hivyo chombo kinacheza ndani. Pima hivi: funga kasha, liinue, liegemeze polepole huku na huku usikie. Ukisikia kitu kimehama, basi kasha likianguka hata kwa sentimita thelathini saksafoni inaanguka pia humo ndani, na ile beli nzito inasukumwa kuelekea mwili, na padi za B na B bemoli ambazo ziko kwa beli hazifungi tena sawasawa. Hiyo ndio ilikuwa noti zake mbili za chini. Tulipoipeleka kwa fundi, alizima taa akaingiza ile kamba ya taa za LED ndani ya saksafoni, akabonyeza kitufe, na tukaona mwanga unachungulia upande mmoja wa padi ya B kama mlango haujafungwa vizuri. Kijana alipiga magoti hapo sakafuni kwa fundi akiangalia huo mwanga muda mrefu, na nafikiri hapo ndipo aliamini kuliko maneno yangu yote.

Tukakata kipande cha godoro kuukuu, tukakishonea kitambaa cha flana juu sponji ya godoro ikizeeka inamomonyoka na ule unga ukiingia kwa padi ni shida ingine, tukakiweka pale chini saksafoni inapokunja na kingine kidogo kwa shingo ya kasha. Usiweke juu ya vitufe hata kidogo. Ile kubana inafaa kushika mwili na mkunjo, si vitufe wala zile fimbo ndefu. Kwa sababu hiyo kitabu cha nyimbo kikahamia begi la shule siku hiyo hiyo. Tukalitikisa kasha tena, kimya.

Chaja ikatoka kwa kachumba, shingo ikaingia kwa nyumba yake. Kama kasha lako halina kachumba, kuna mifuko ya kitambaa yenye sehemu mbili, moja ya shingo na moja ya mauthipisi, unaitumbukiza kwa beli, hiyo ni sawa kabisa. Shingo tupu kwa beli ndio kosa.

Sasa ridi. Alikuwa na tatu, moja inaishi kwa mauthipisi wiki nzima, mbili ziko kwa mfuko wa shati. Mwanzi wa ridi unaitwa Arundo donax, unalimwa sana jimbo la Var kusini mwa Ufaransa, unakaushwa muda mrefu, unachongwa hadi ncha inabaki kama sehemu ya kumi ya milimita. Umesafiri wote huo hadi Kayole alafu unavunjwa ncha na peni kwa mfuko. Roho iliniuma. Ile yenye inaishi kwa mauthipisi ndio ilikuwa na madoa meusi, kuvu, na haishangazi, mwezi wa sita na wa saba Nairobi kuna baridi na mawingu, ridi imelowa mate, imefungiwa kwa kasha kutoka Jumapili hadi Alhamisi, haina mahali pa kupumua. Hiyo tulitupa. Usijaribu kuokoa ridi yenye kuvu unaiweka mdomoni.

Dada kwa nia nzuri alikuwa amejaribu kuosha mauthipisi na maji ya thamosi, yale ya chai. Mauthipisi ya eboniti, yaani mpira mgumu, haipendi maji moto, inageuka rangi ya kijani kibichi chafu na inatoa harufu ya salfa kama kiberiti, na yake ilikuwa imeanza hivyo. Maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo yanatosha, na vidole. Usivute kitambaa chenye uzito wa chuma ndani ya mauthipisi, zile kingo nyembamba ukizikwaruza haina fundi wa kukurudishia.

Boksi la ridi lenye paketi ya unyevu, nilifikiria sana. Ni kitu kizuri, zile paketi za D'Addario kwa mfano zinashikilia unyevu karibu asilimia 73, ridi haikauki ikapinda na hailowi. Kwa mtu anayepiga kila siku na ana ridi kumi nzuri, nunua. Kwa kijana wa ridi tatu hapana, juu paketi inazeeka inataka ingine, na ukifungia humo ridi mbichi kila siku bila kuipangusa bado unakaribisha kuvu. Yeye shida yake haikuwa unyevu wa hewa ya Nairobi. Shida yake ilikuwa haondoi ridi. Tukachukua kishikio cha plastiki cha ridi nne, chenye sakafu tambarare na vijimfereji vya hewa, ridi inalala imenyooka, ncha imekingwa, inakauka polepole. Akaandika namba kwa mgongo wa kila moja na peni, na anazizungusha: Jumapili moja, Alhamisi mbili, hivyo. Kabla ya kuweka anaipangusa kwa kidole kutoka kisigino kwenda ncha, kamwe si kurudi nyuma.

Kuna binti kwenye hiyo timu yao anapiga klarineti ya mbao, na kwake ningejibu tofauti kabisa. Klarineti ya mbao nyingi ni mpingo, mti wetu wenyewe wa huku, unatoka Tanzania na Msumbiji unaenda hadi Ufaransa unarudi kwetu ukiwa chombo, mti mzito hadi ukiutupa kwa maji unazama. Lakini na ugumu wake wote unapasuka, ukipuliza pumzi moto ndani asubuhi ya baridi na nje mbao bado ni barafu. Kwake unyevu na joto ndio adui wa kwanza: aipashe kwa mikono na makwapa kabla ya kupiga, asiiache kwa gari likiwa juani, na kama ni mpya aipige kidogo kidogo, robo saa, dakika ishirini kwa siku. Yeye paketi ya unyevu ndani ya kasha ina maana. Na kitambaa chake cha kuvuta kiwe chembamba, kisichokunjamana, juu kwa kipande cha juu cha klarineti kuna kabomba kadogo kamejitokeza ndani na kitambaa kinene kikikwama hapo, kukitoa ni kilio. Saksafoni ni shaba, haina hofu ya kupasuka. Kwa hivyo ukisoma ushauri wa mtu wa klarineti usiuchukue mzima mzima.

Ile brashi ndefu ya manyoya nilikataa. Wanaiuza kama ya kukausha lakini watu wanaiingiza na kuiacha, na brashi iliyolowa ikikaa ndani ya saksafoni siku nne inashikilia maji karibu na padi, na padi ni ngozi juu ya sufi. Kitambaa cha kuvuta ni bora: unadondosha uzito kutoka kwa beli, unageuza saksafoni, kamba inatokea juu, unavuta mara mbili. Kingine kidogo cha shingo, juu maji mengi yanakaa shingoni. Ukitaka brashi baada ya hapo kwa kumalizia, iingize, izungushe, itoe.

Ligecha ya dhahabu tukaikata kwa kalamu, hailindi kitu, na vibandiko vya mauthipisi vikasubiri, ni vya raha ya meno zaidi. Badala yake nikaongeza kitu hakikuwa kwa orodha, kofia ya mauthipisi. Yake ilikuwa imepotea na wakati wa mahubiri saksafoni inaning'inia kifuani saa nzima ridi ikiwa wazi, mtoto wa mtu anapita, mkono wa mtu unapita. Kofia ya plastiki ni ya kusubiri tu lakini, si ya kulala nayo.

Mkanda ndio ulinigeuza mawazo. Nilikuwa nimeuweka mwisho kabisa, nikiona ni mambo ya urembo, mpaka nikaushika. Ndoano yake ilikuwa wazi, ile ya chuma iliyopinda tu bila mlango, na imelika. Mtoto akikaa chini saksafoni ikiegemea paja, uzito unatoka kwa ndoano, inachomoka, na akisimama kuimba pambio inabaki mkononi kwa bahati. Na uzi wa mshono ulikuwa umebaki nyuzi chache. Nikamwambia dada, hii ndio tunanunua ya kwanza kabla hata ya ridi. Si wa ngozi, wa kawaida mpana, wenye ndoano ya kujifunga yenye plastiki kwa juu ili isikwaruze ile pete ya saksafoni.

Stendi sikuinunua na bado sijui kama nilifanya vizuri. Tulikubaliana sheria moja, saksafoni iko shingoni ama iko kwa kasha lililofungwa, si kwa kiti cha plastiki, si kwa kona ya spika. Ameishika hiyo sheria. Lakini siku wanapiga mkesha wa masaa sita najua atachoka, na stendi iko kwa orodha ya mwezi wa kumi na mbili.

Kitu kingine hakikugharimu kitu. Chai ya kanisa. Wanakunywa chai ya maziwa yenye sukari na mandazi saa nne, wanarudi kupiga saa nne na robo, na ile sukari inaenda moja kwa moja kwa padi. Padi ya G kali (G sharp) ndio inateseka kwanza kwa sababu inakaa imefungwa wakati wote na springi inayoifungua ni dhaifu, ikinata haifunguki. Sasa anasukutua na maji kwanza. Ikinata anaweka karatasi nyembamba ile ya kuvingirishia sigara chini ya padi, anaifunga polepole, anaiachilia, anatoa. Havuti ikiwa imebanwa.

Kwa elfu sita, mkanda, kitambaa mbili, kishikio cha ridi na kofia vilichukua kama elfu nne, na iliyobaki ikaenda kwa fundi kunyoosha kichuma na kusawazisha padi ya B. Kizibo fundi alikitoa kwa mkebe wake wa vipande bila malipo, kilikuwa kikubwa kidogo akakisugua na msasa hadi kikaingia kwa kubana.

Sasa ni mwezi wa kumi, mvua za vuli zimeanza, na saksafoni haijarudi kwa fundi. Jumapili iliyopita nilikaa tena nyuma nikamwangalia akipaki. Ridi ikatoka, ikapanguswa, ikaingia namba 3. Kitambaa mara mbili. Shingo kwa kachumba. Na kizibo amekifunga kwa kamba ya kiatu ya rangi ya machungwa, ule upande mwingine umefungwa kwa mshikio wa ndani wa kasha, kisitoke tena kuwa gurudumu.